Jules Bordet, daktari aliyeonyesha namna damu inavyoua vijidudu

Katika teritware ya Bafwasende, mashariki ya Kisangani, kama kwingine nchini Kongo, mtoto anapaswa kuchanjwa dhidi ya kifaduro, au kokelushi, akiwa na wiki 6, 10 na 14. Aliyefungua njia ya chanjo hiyo ni Mbelgiji Jules Bordet.

Alizaliwa Soignies tarehe 13 Juni 1870, akamaliza masomo ya udaktari Brussels mwaka 1892. Mwaka 1894 alikwenda Paris, katika maabara ya Mrusi Élie Metchnikoff kwenye Taasisi ya Pasteur. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana. Metchnikoff alisema chembe nyeupe za damu ndizo zinazomeza vijidudu. Wengine, hasa Wajerumani, walisema kinachoua ni maji ya damu.

Mwaka 1895 Bordet alichukua maji ya damu ya mnyama aliyechanjwa, akayapasha moto hadi nyuzi 55. Yakashindwa kuua vijidudu vya kipindupindu. Alipoongeza maji mabichi ya damu ya mnyama asiyechanjwa, nguvu ikarudi. Akaelewa kwamba vinahitajika vitu viwili: kingamwili, zinazoletwa na chanjo na kuvumilia joto lile, na kitu kingine kilichomo hata katika damu isiyochanjwa, ambacho joto linakiharibu. Leo kinaitwa komplementi.

Sasa inajulikana kuwa komplementi ni kundi la protini zaidi ya 30. Kingamwili zikikishika kijidudu, baadhi ya protini hizo hukitoboa, nyingine hukigandamana ili chembe nyeupe zikitambue na kukimeza upesi. Pande zote mbili za ubishi zilikuwa na sehemu ya ukweli.

Mwaka 1901 Bordet alipewa kuongoza Taasisi ya Pasteur ya Brussels. Mwaka 1906, yeye na Octave Gengou walifaulu kuotesha kijidudu cha kifaduro kwa kutumia damu, viazi na gliserini. Leo kijidudu hicho kinaitwa Bordetella, kwa jina lake. Alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Alifariki Brussels tarehe 6 Aprili 1961, akiwa na miaka 90, miezi tisa baada ya Kongo kupata uhuru.

Kifaduro huua zaidi watoto wachanga. Komplementi wanayo tayari. Kingamwili za kuiongoza ndizo zinazoletwa na chanjo. Ndiyo sababu dozi ya wiki ya 6 haifai kucheleweshwa.