Fumo Liyongo, Mcheza Gungu wa Ozi

Kila litajwapo jina la Fumo Liyongo, aghalabu watu hukumbuka kimo chake na upinde wake. Tumemfanya jitu la mabavu. Hiyo ni dhuluma, kwani shujaa huyu wa Ozi na Shaka, pale mto Tana unapomwagika baharini karibu na Kipini, alikuwa pia malenga na mcheza gungu, na ngoma ndiyo iliyomwokoa.

Wanazuoni wametofautiana kuhusu zama zake: wapo wamwekao katika karne ya 13, na wapo wamteremshao hadi ya 17. Lakini kisa chenyewe chajulikana. Mfalme wa Pate alimhofia, naye Liyongo akapewa mke wa Kigalla, kabila lililotamani mbegu yake, akazaa naye mwana wa kiume. Wagalla, kama walivyoitwa zamani, ndio Waoromo, na Waorma wa Garsen ni ndugu zao. Mwaka 2012, Wapokomo na Waorma walipouana kwa ajili ya malisho na maji katika delta hii hii, watu zaidi ya 100 wakipoteza maisha hadi mapema 2013, sikusikia mtu akikumbusha kwamba shujaa wa mto huu alikuwa mkwe wa wafugaji.

Alitegwa kwanza juu ya mkoma: kila mmoja apande kwa zamu, yake ikifika afumwe kwa mishale. Yeye akaliangusha kole kwa mshale, wala hakupanda. Hatimaye akatiwa gerezani na kufungwa minyororo. Mamaye alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, walinzi wakala kizuri na kumwachia makombo. Ndipo Liyongo akatunga shairi la mafumbo, Saada akalifikisha, mama akaelewa: akaoka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani. Walinzi wakaudharau.

Alipoulizwa haja yake ya mwisho kabla ya kuuawa, aliomba gungu. Ngoma hii ya arusi ina namna zake, la kufunda na la kukwaa, nayo yataka vyombo vingi. Liyongo mwenyewe aliwafundisha watu nyimbo zake. Matoazi na ngoma ziliporindima, yeye ndani alikuwa akikereza chuma, na kelele ikameza sauti ya tupa. Mfungwa aliyesikiliza mapigo kwa makini namna hiyo hakuwa mtu wa mabavu tu.

Mwanawe alirubuniwa kwa ahadi ya cheo, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba alipolala. Liyongo alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, upinde mkononi, akafa hivyo. Watu hawakuthubutu kuteka maji mpaka mamaye alipokuja kumbembeleza, na maiti ikaanguka.

Edward Steere alikichapisha kisa hiki mwaka 1870. Utenzi mashuhuri ukaandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijuma wa Lamu, naye, bila ajabu, alikuwa mwanamuziki na mchonga milango. Wenyeji wa Kipini huonyesha kaburi la Liyongo. Gungu lenyewe ni nadra kuchezwa siku hizi. Kaunti ya Tana River, iliyoanza kazi mwaka 2013, ingewatafuta wazee wachache walijuao, wa Kipini hata Lamu, wawafundishe vijana wa Garsen, Wapokomo na Waorma pamoja, kabla wazee hao hawajatutoka.