Nicolaus Copernicus: Kanoni wa Kanisa Kuu Aliyeliweka Jua Katikati

Vijana wetu wanaosoma sayansi huambiwa mara nyingi kwamba Kanisa na elimu ya anga ni mahasimu wa tangu jadi. Maisha ya Nicolaus Copernicus yanaonesha kwamba sivyo, ingawa pia yanatukumbusha kosa ambalo Kanisa lilikuja kulikiri.

Copernicus alizaliwa Toruń, nchini Poland, tarehe 19 Februari 1473, kitinda mimba wa watoto wanne. Baba yake, mfanyabiashara, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mjomba wake, Lucas Watzenrode, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Warmia, ndiye aliyemlea na kumsomesha. Alianzia Chuo Kikuu cha Kraków mwaka 1491, kisha akaenda Italia: sheria za Kanisa huko Bologna, masomo ya tiba huko Padua, na mwaka 1503 akatunukiwa shahada ya udaktari wa sheria za Kanisa huko Ferrara.

Aliporudi nyumbani alimtumikia mjomba wake kama katibu na tabibu, na kuanzia mwaka 1510 hivi akaishi Frombork, palipokuwa na Kanisa Kuu la jimbo. Akiwa kanoni alisimamia mali ya jimbo, aliwagawia wakulima mashamba yaliyoachwa, aliwatibu wagonjwa na kuandika juu ya fedha iliyopoteza thamani. Vita vilipozuka, alishiriki kuulinda mji wa Olsztyn. Elimu ya anga aliifanya kwa saa alizobakiza, tena kwa macho matupu, kwani darubini ilianza kutumika miaka zaidi ya sitini baada ya kifo chake.

Fumbo lililomsumbua lilikuwa la kale. Tangu enzi za Ptolemaio wa Aleksandria, wataalamu walifundisha kwamba Dunia imetulia katikati, na Jua, Mwezi na sayari huizunguka. Lakini Mirihi, Mshtarii na Zuhali huonekana nyakati fulani zikisimama, zikirudi nyuma, kisha zikiendelea mbele. Ili kulieleza hilo, wataalamu walirundika duara juu ya duara. Copernicus alitambua kwamba Dunia nayo ikiwa sayari inayolizunguka Jua, mwendo huo wa ajabu hueleweka kwa urahisi. Mvuvi wa ziwani kwetu anaifahamu hali hiyo: mtumbwi wake unapoupita mwingine ulio mwendo wa pole, ule mwingine huonekana kana kwamba unarudi nyuma ukilinganishwa na vilima vya ng'ambo, kumbe nao unasonga mbele.

Hapo sayari zilipata mpangilio: iliyo karibu na Jua huzunguka upesi, iliyo mbali hukawia. Utaridi humaliza mzunguko wake kwa siku 88, Dunia kwa mwaka, Zuhali kwa zaidi ya miaka 29.

Hata hivyo alisita kwa miaka mingi kuchapisha kitabu chake, akiogopa kudhihakiwa na wasomi. Waliomtia moyo walikuwa watu wa Kanisa. Mwaka 1533 mafundisho yake yalielezwa mbele ya Papa Klementi VII, na mwaka 1536 Kardinali Nikolaus Schönberg alimwandikia kumwomba ayatoe. Mwaka 1539 alifika kwake kijana Mlutheri, Georg Joachim Rheticus, mwalimu wa hisabati, akakaa naye na kumshawishi. Katika siku za mifarakano mikali ya dini, kanoni Mkatoliki na Mlutheri huyo walifanya kazi pamoja. Kitabu kilichapwa Nuremberg mwaka 1543, kikiwekwa wakfu kwa Papa Paulo III. Mwandishi wake aliaga dunia tarehe 24 Mei mwaka huohuo.

Kazi yake haikuwa kamilifu. Aling'ang'ania duara, na ni Johannes Kepler aliyeonesha mwaka 1609 kwamba njia ya sayari ni ya umbo la duaradufu. Mwaka 1616 wakuu wa Kanisa walikizuia kitabu cha Copernicus mpaka kisahihishwe, na mwaka 1633 Galileo Galilei akahukumiwa. Waliogopa kwamba Maandiko yanakanushwa, kwa mfano pale Yoshua alipoliamuru jua lisimame. Mwaka 1893 Papa Leo XIII alifundisha kwamba waandishi watakatifu walieleza mambo ya maumbile jinsi yanavyoonekana kwa macho, kama nasi tunavyosema hadi leo kwamba jua limechomoza. Na mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri hadharani kosa lililotendeka dhidi ya Galileo.

Kwa karne nyingi Copernicus alilala katika kaburi lisilo na jina. Mabaki yake yalitambuliwa, na mwaka 2010 yakazikwa upya kwa heshima katika Kanisa Kuu la Frombork.

Mzazi au katekista anayemwambia mtoto achague kati ya imani na masomo yake anamtwika mzigo ambao Kanisa halimtwiki. Mungu aliyeumba akili ndiye aliyeziumba sayari, na ukweli wake haupingani na ukweli wake. Tuwaombee wanafunzi wetu wapate bidii, unyenyekevu na uvumilivu wa kanoni huyu.