THOMAS CLARKSON: MWANAFUNZI ALIYEAMINI DISERTASIO YAKE



Kila mara mwalimu anapoandika kichwa cha disertasio ku ubao, darasa lote linaanza kulalamika. Sisi wote tunajua ginsi mambo yanaendelea kisha pale. Mumoja anatafuta kaye ya ndugu yake mukubwa aliyemaliza masomo, mwingine anangojea usiku wa mwisho, mwingine anajaza kurasa tatu na maneno makubwa bila jambo hata moja la hakika. Kisha tunapata pointi, tunatupa karatasi, mambo yamekwisha.

Mu namba hii tunataka kuwaelezea maisha ya mutu mumoja aliyeandika disertasio kwa kutafuta zawadi tu, lakini ile disertasio ikamushika na haikumuachilia mupaka kufa kwake. Jina lake ni Thomas Clarkson.

UTOTO NA MASOMO

Clarkson alizaliwa tarehe 28 Machi 1760 mu muji mudogo wa Wisbech, mashariki ya Uingereza. Baba yake alikuwa muchungaji na tena mukubwa wa masomo pale. Mwaka wa 1766 baba alikufa, na Thomas alikuwa na miaka sita tu. Mama alibaki na watoto watatu. Thomas alisoma kwao, kisha mu shule ya St Paul's ku London, na mwaka wa 1779 akaingia St John's College ku universite ya Cambridge. Alitaka kuwa muchungaji sawa baba yake, na mwaka wa 1783 akapata ushemasi. Alikuwa kijana murefu, mwenye nywele nyekundu, na mwenye bidii ya kazi.

Ile universite ilikuwa na mashindano ya disertasio mu luga ya Kilatini. Mwaka wa 1784 Clarkson alishinda mu kundi lake. Mwaka wa 1785 akaingia mu mashindano ya kundi la juu, sababu hakupenda kupoteza sifa aliyokuwa amepata. Tukumbuke neno hili: wakati ule Clarkson hakuwa anawaza juu ya Waafrika. Alikuwa anawaza juu ya jina lake.

KICHWA NA UCHUNGUZI

Mukubwa wa universite mwaka ule, Peter Peckard, alikuwa mutu aliyechukizwa na biashara ya watumwa. Miaka michache mbele, mu 1781, wakubwa wa meli moja ya Waingereza, Zong, walikuwa wametupa mu bahari Waafrika zaidi ya 130 wangali wazima, kisha wenye meli wakaenda kudai malipo ya asiransi sawa vile mutu anadai juu ya mizigo iliyopotea. Peckard akatoa kichwa cha disertasio: kujua kama ni halali kuwatia watu mu utumwa bila mapenzi yao.

Clarkson hakujua kitu juu ya jambo hili, na alikuwa na majuma machache tu. Angaliweza kufanya sawa wengi wetu tunavyofanya: kuchukua mifano ya Wagiriki na Waroma wa zamani, kuipanga muzuri, kumaliza. Ile Kilatini yake ingalitosha. Lakini yeye alijiuliza watumwa wa siku zake wanakamatwa namna gani, nani anawauza, na wanaishi namna gani kule wanakopelekwa.

Kwanza alipata karatasi za rafiki mumoja aliyekufa, ambaye alikuwa amefanya ile biashara. Kisha akaenda kuuliza maofisa waliokuwa wamekaa ku visiwa vya Karibi na kuona watumwa kwa macho yao. Kisha akaona mu gazeti tangazo la kitabu kimoja juu ya inchi ya Guinea, akakwenda London haraka kukinunua. Kitabu kile kiliandikwa na Anthony Benezet, mwalimu wa kikundi cha Wakristo wanaoitwa Quakers, aliyekuwa akifundisha watoto weusi ku Philadelphia mu Marekani. Na hapa muangalie akili ya Clarkson: hakukomea mu kitabu cha Benezet. Aliangalia Benezet ametoa maneno yake wapi, na akafuata wale waandishi wa kwanza wenyewe, watu waliosafiri ku pwani ya Afrika na kuandika yale waliyoyaona. Njo namna mutafuta kweli anavyofanya. Anafuata muto mupaka ku chemchemi.

Lakini kadiri alivyosoma, furaha ilimutoka. Alikuwa ameanza kazi kwa kutafuta sifa, sasa muchana alikuwa na huzuni na usiku usingizi ulikuwa haba. Aliacha mushumaa ukiwaka mu chumba usiku wote, ili wazo likimujia aamuke na kuliandika mbele lipotee.

Alipata zawadi ya kwanza. Mwezi wa sita 1785 akasoma disertasio yake mbele ya wakubwa wa universite, watu wakamusifu.

KANDO YA BARABARA

Kisha akapanda farasi kurudi London. Njiani yale aliyoyaandika yalimurudia na kumurudia. Alijaribu kujisadikisha kwamba haiwezi kuwa kweli, lakini kila mara alikumbuka mashahidi wake na akaona haiwezekani kukana. Karibu na kijiji cha Wadesmill alishuka, akaikaa kando ya barabara na uzito mu roho. Pale wazo likamuingia kwamba, kama yale yaliyo mu disertasio ni kweli, basi inafaa mutu fulani aone mwisho wa taabu ile.

Ile neno, mutu fulani, ndiyo ilimusumbua. Ni nani? Alikuwa na miaka 25, bila mali, bila cheo, na njia ya uchungaji ilikuwa wazi mbele yake. Alijishindania miezi mingi. Mwisho akakubali kwamba yule mutu ni yeye.

Alitafsiri disertasio yake mu Kiingereza na kuiongezea. Mu 1786 James Phillips, muuza vitabu wa Quakers ku London, akaichapisha. Tuangalie ginsi alivyoipanga. Sehemu ya kwanza inaeleza utumwa toka zamani. Sehemu ya pili inaeleza biashara ya kuwakamata na kuwauza Waafrika. Sehemu ya tatu inaeleza maisha ya watumwa mu makoloni ya Wazungu. Tena kila neno ambalo wenye biashara walizoea kusema kwa kujitetea, yeye alilitaja na kulijibu. Hakufanya sawa mutu anayekimbia maulizo. Lakini kazi ile ilikuwa na kilema kimoja. Clarkson hakufika Afrika hata siku moja, na mu kitabu alitia hadisi ya kundi la watumwa aliyoiwaza tu mu kichwa. Kisha pale alijifunza kwamba hadisi ya kuwaza haitoshi. Adui anaweza kuikana. Kinachofaa ni shahidi na hesabu.

KUKUSANYA USHUHUDA

Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 walikutana ku duka la Phillips na kuunda komite ya kupinga biashara ya watumwa. Tisa walikuwa Quakers. Clarkson alikuwa mumoja wa wale watatu wengine, pamoja na Granville Sharp. Mwaka ule pia alimupelekea disertasio yake William Wilberforce, mujumbe wa Bunge, ambaye alikubali kusema jambo hili mu Bunge. Kazi ikagawanyika: Wilberforce kusema, Clarkson kutafuta.

Akapanda farasi tena, akaenda Bristol na Liverpool, miji iliyotajirika kwa meli za watumwa. Wenye biashara walikuwa wakisema kwamba kazi yao ni shule ya mabaharia wa Uingereza, na kuifunga ni kuua jeshi la bahari. Clarkson hakuwajibu kwa kelele. Alienda kufungua vitabu vya serikali ambamo waliandika majina ya mabaharia wa kila meli, nani alirudi, nani alikufa, nani alitoroka. Alikusanya habari za mabaharia karibu 20,000. Hesabu ikaonyesha kwamba meli za watumwa ziliua mabaharia kupita meli za biashara zingine. Ile shule waliyoisifu ilikuwa kaburi. Hivi aliwanyanganya wapinzani neno lao la nguvu, kwa karatasi zilizoandikwa wakati ule ule, bila kufikiri kwamba siku moja zitakuwa ushuhuda.

Mu duka moja la Liverpool alinunua vyombo vilivyouzwa pale bila haya: pingu za mikono, minyororo ya miguu, chombo cha kuminya vidole gumba, na chuma cha kupasua kinywa cha mutu aliyekataa kula. Tena alikuwa na sanduku la mali ya Afrika: nguo zilizofumwa, pembe, mbao, pilipili. Aliwaonyesha wakubwa vitu vile, ili waone kwamba Waafrika ni watu wenye akili na ufundi, na kwamba mutu anaweza kufanya biashara nao bila kuwauza wao wenyewe. Sanduku lile liko mupaka leo mu nyumba ya makumbusho ya Wisbech.

Kazi ilikuwa ya hatari. Siku moja ku bandari ya Liverpool watu wanane ao tisa walimuzunguka na kumusukuma wapate kumutupa mu maji. Alijitupa juu yao kwa nguvu akapita katikati, akaponea pale.

Wakati mwingine alihitaji shahidi juu ya jambo moja tu: namna watu walivyokamatwa usiku ku mito ya Afrika ya Mangaribi. Alikuwa amesikia juu ya baharia mumoja aliyeona mambo yale, lakini hakujua jina lake. Alipanda meli za jeshi bandari kwa bandari, zaidi ya 300, akiuliza. Mwisho, ku Plymouth, akamupata: Isaac Parker. Sisi tunachoka kufungua kitabu cha pili.

Mu 1789 komite ilichapisha picha ya meli Brookes, yenye kuonyesha Waafrika 482 wamelazwa kando kando sawa samaki mu sanduku. Ilikuwa picha ya vipimo tu, bila neno la matusi. Lakini watu waliipachika ku ukuta wa nyumba, na kila aliyeiangalia alifahamu. Mwaka ule ule Olaudah Equiano, aliyekuwa mutumwa, akatoa kitabu cha maisha yake, na Clarkson akasaidia kukijulisha. Ni vizuri tukumbuke kwamba Waafrika wenyewe walisimama na kushuhudia.

KUSHINDWA NA KURUDI

Je, kweli ikishaonekana inashinda palepale? Hapana. Mu 1791 Bunge lilikataa, kura 163 juu ya 88. Clarkson alikuwa amesafiri kilometa zaidi ya 50,000 mu miaka saba, pesa yake imekwisha, mwili umevunjika. Mu 1794 aliacha kazi, akaenda kulima ku inchi ya milima kaskazini. Mu 1796 akaoa Catherine Buck. Wengi walifikiri hadisi yake imekwisha.

Lakini mu 1804 akarudi ku komite na ku barabara. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ya kukataza biashara ya watumwa ikapita. Utumwa wenyewe ulibaki ku makoloni. Mu 1823, akiwa muzee wa miaka 63, alianza kusafiri tena. Sheria ya kuwafungua watumwa ilipita mu 1833. Mu 1840, macho yakiwa zaifu, alisimama ku London mbele ya mukutano wa wapinga utumwa toka inchi nyingi. Alikufa tarehe 26 Septemba 1846 ku Playford. Kati ya siku ile kando ya barabara na kufa kwake kulipita miaka 61.

NA SISI?

Jambo hili si la mbali na sisi. Watu wa Kongo na Loango walipakizwa mu meli zile. Na kisha, wakati Leopold wa Pili aliposhika inchi yetu, Edmund Morel alitumia njia ile ile ku bandari ya Antwerpen: alisoma vitabu vya meli, akaona mpira na pembe vinakuja Ulaya, na bunduki njo zinaenda Kongo. Kwa hesabu alifahamu kwamba watu wanatumikishwa kwa nguvu. Wamisionere Waprotestanti wakaongeza ushuhuda na picha. Mu 1908 Leopold aliachishwa inchi.

Basi, ndugu wa mwaka wa tano na wa sita, mutakapopata kichwa cha disertasio, musianze na maneno makubwa. Muulize kwanza kama munajua. Mutafute aliyeona. Muandike pale mulipotoa kila jambo. Muweke neno la mupinzani wazi, tena mulijibu bila kumutukana. Mupange sehemu zenu ili musomaji asipotee.

Na mukimaliza, mbele ya kutoa karatasi, muisome tena polepole kama Clarkson juu ya farasi. Kama si kweli, muifute. Kama ni kweli, mujue kwamba pointi za mwalimu hazimalizi kazi.