William Withering na Dawa ya Moyo

William Withering alizaliwa mwaka 1741 katika mji mdogo wa Wellington, Uingereza. Alisomea udaktari mjini Edinburgh, akamaliza mwaka 1766.

Mwanzoni hakupenda somo la mimea. Baadaye alimtibu msichana aliyeitwa Helena, ambaye alipenda kuchora maua. Withering akawa anamtafutia maua ya kuchora. Walioana mwaka 1772. Mwaka 1776 Withering alitoa kitabu juu ya mimea ya nchi yake.

Siku hizo watu wengi, hasa wazee, walisumbuliwa na ugonjwa wa kuvimba. Miguu na tumbo vilijaa maji. Pumzi ilikuwa fupi, na usiku mgonjwa hakuweza kulala chali. Mara nyingi chanzo kilikuwa moyo dhaifu. Moyo usiposukuma damu vizuri, maji hubaki mwilini.

Mwaka 1775 Withering aliulizwa juu ya dawa ya siri ya bibi mmoja mzee wa Shropshire. Bibi huyo aliwahi kuwaponya watu walioshindikana kwa madaktari. Dawa yake ilikuwa mchanganyiko wa mimea 20 au zaidi. Withering hakuidharau, wala hakuiamini bure. Aliichunguza. Akatambua kuwa mmea wenye nguvu ulikuwa mmoja tu, yaani dijitalisi. Maua yake ni ya zambarau, nayo yana umbo la kengele.

Lakini dijitalisi ni sumu pia. Ikizidi, mgonjwa hutapika, huona vitu vyote kuwa vya njano au kijani, na mapigo ya moyo huharibika. Anaweza kufa. Mwanzoni Withering mwenyewe alitoa dawa nyingi mno, na wagonjwa wakataabika. Alipoona hivyo, alipunguza. Alichuma majani wakati mmea unapochanua, akayakausha, akayasaga, akapima unga kidogo kidogo. Dawa ilipoanza kufanya kazi mwilini, aliisimamisha.

Withering alifanya kazi hiyo mjini Birmingham, ambako aliwatibu maskini wengi bila malipo. Kwa miaka 10 aliandika habari za wagonjwa wake. Hakuandika waliopona tu. Aliandika na wale ambao dawa haikuwasaidia. Mwaka 1785 alitoa habari hizo katika kitabu, ili madaktari wengine wajifunze.

Alifariki mwaka 1799 kwa ugonjwa wa mapafu. Ua la dijitalisi lilichongwa kwenye jiwe lake la ukumbusho.

Hata leo madaktari hutumia digoksini, dawa inayotokana na mmea wa jamii hiyo. Hupimwa kwa uangalifu mkubwa.

Siku hizi wazee huuziwa unga na vidonge vingi vya mimea na vitamini, wakiambiwa vinalinda moyo. Baadhi vimejaribiwa. Vidonge vya vitamini E, kwa mfano, walipewa maelfu ya watu wenye umri mkubwa, lakini havikuzuia ugonjwa wa moyo. Basi kabla ya kumeza, tuulize kama Withering: Ndani mna nini? Kipimo chake ni kipi? Nani ameandika matokeo? Tena tumweleze mganga wa zahanati kila dawa tunayotumia, hata ya majani.

Maswali
1. Kwa nini Withering alipunguza dawa?
2. Kwa nini aliandika hata habari za wasiopona?
3. Katika kijiji chenu, wazee hutumia dawa gani za mimea? Nani huzipima?