Aliyetia samaki mtoni

Hapa Kagongwa tunamla sangara wa Mwanza bila kuuliza nani alimtia ziwani. Huko Kenya, kwenye mito baridi ya milima ya Aberdare, wageni huongozwa na wenyeji kuvua trauti, samaki wa Ulaya, jamaa ya samoni. Aliyemleta ni Mwingereza Ewart Grogan, aliyezaliwa 1874. Ujanani alivuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu, ili aonekane anafaa kumwoa Gertrude. (Mahari ya aina yake!) Mwaka 1905 akaleta mayai ya trauti kutoka Uskoti, akayatia mto Gura.

Mwaka 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, huyo huyo aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu, wakokota gari la abiria. Alifungwa mwezi mmoja tu.

Gertrude alifariki 1943. Kwa kumbukumbu yake Grogan akatoa ardhi, na mwaka 1947 ikaanzishwa hospitali ya watoto ambayo hadi leo inatibu. Yeye alifariki 1967.

Nimejaribu kumpima, nikashindwa. Leo kanisani, tukiwaombea watoto wagonjwa, nitawakumbuka na wajukuu wa wale watatu.