Faru wa Saruji Katika Mtaa wa Kyiv

Katika Mtaa wa Bankova jijini Kyiv, mkabala na ofisi ya Rais wa Ukraine, pana nyumba ambayo kuta zake zimejaa wanyama wa saruji. Vichwa vya faru na swara vimetokeza ukutani, mikonga ya ndovu inaning'inia, na vyura wakubwa wamejipanga ukingoni mwa paa. Aliyeisanifu na kuijenga, mwanzoni kabisa mwa karne ya 20, ni Władysław Horodecki, ambaye Waukraine humwita Vladyslav Horodetsky. Nimechagua kuyaeleza maisha yake kwa kuwa yana somo kwa walimu na wanafunzi wetu, na pia kwa kuwa mtu huyo aliwahi kuikanyaga ardhi hii yetu.

Horodecki alizaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Podolia, ambalo leo liko Ukraine lakini wakati ule lilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Ukoo wake ulikuwa wa mamwinyi wa Kipolandi. Mwaka huo huo Wapolandi waliinuka kupigania uhuru wao, wakashindwa. Kijana huyo alisoma Odesa, kisha akaingia Chuo cha Sanaa cha Saint Petersburg na kuhitimu mwaka 1890. Ndipo akahamia Kyiv, mji uliokuwa ukistawi kwa fedha za sukari, akaishi humo kwa takriban miaka 30.

Kazi zake kubwa zilifuatana kwa kasi ya kustaajabisha. Alijenga jumba la makumbusho ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa, lenye nguzo sita na simba wawili mlangoni. Alijenga hekalu la Wakaraimu, jamii ndogo ya dini yenye asili ya Kiyahudi. Kati ya mwaka 1899 na 1909 alisimamia ujenzi wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Nikolai, lenye minara miwili mirefu iliyochongoka. Ni haki kusema kwamba hakuyafanya hayo peke yake. Ramani ya awali ya kanisa ilichorwa na mwanafunzi aliyeitwa Stanisław Wołowski, misingi yake ikasimamishwa juu ya nguzo za zege za mhandisi Anton Strauss, na mapambo mengi ya majengo hayo yalifinyangwa na Mwitalia Emilio Sala. Aghalabu historia humtaja mmoja na kuwasahau wenziwe.

Siri ya Horodecki ilikuwa saruji. Wakati huo wengi waliiona kuwa kitu duni, kisichofaa ila kwa misingi na sakafu. Yeye, aliyekuwa na hisa katika kiwanda cha saruji, aliona kwamba inaweza kufinyangwa ikawa pambo. Kiwanja alichokinunua Bankova kilikuwa kwenye mteremko mkali, mahali ambapo wajenzi wenye tahadhari wasingethubutu. Akajenga nyumba inayoonekana kuwa na ghorofa tatu ukiitazama kutoka mtaani, na sita ukiitazama kutoka bondeni. Nyumba njema si mlango, lakini mlango wa nyumba hii ulikuwa pia tangazo la biashara.

Mimi ni mtu wa isimu, nami huvutwa na jina la nyumba hiyo. Wenyeji huiita Nyumba ya Makimera. Kimera katika hekaya za Wayunani ni zimwi lenye kichwa cha simba, kiwiliwili cha mbuzi na mkia wa nyoka. Lakini wengi wa wanyama walio kwenye kuta hizo si mazimwi hata kidogo. Faru, ndovu na swara ni viumbe ambao mtoto wa Laikipia au wa Taita anawajua kwa majina. Jina hutuambia zaidi habari za mwenye kuita kuliko za kinachoitwa. Kilichokuwa ajabu kwa mkazi wa Kyiv kilikuwa jirani kwetu. Hata ngano ilizuka kwamba Horodecki aliijenga nyumba hiyo kwa wazimu wa huzuni, baada ya bintiye kufa maji. Ngano hiyo haina ukweli, lakini imeshinda ukweli kwa umaarufu.

Jambo la kutafakari ni kwamba aliwafinyanga faru hao kabla ya kufika kwao. Alikuwa mwindaji hodari, na mwaka 1911 alifunga safari ya kuja kuwinda Afrika Mashariki, iliyokuwa chini ya Waingereza. Aliporejea aliandika kitabu kwa Kipolandi kuhusu uwindaji huo, kikachapishwa Kyiv mwaka 1914. Mkono uliompamba faru kwa saruji ndio ulioshika bunduki hapa kwetu. Sisemi hivyo ili kumshushia hadhi, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya matajiri wa zama zake. Lakini mwanafunzi anapaswa kuyajua yote mawili.

Anasa zina gharama. Madeni yalimwandama, na mnamo mwaka 1913 nyumba ikaangukia mikononi mwa wengine. Zikafuata vita na mapinduzi. Mwaka 1920 alihamia Poland, na baadaye akaenda Iran kufanya kazi ya usanifu katika ujenzi wa reli. Alifariki Tehran mnamo Januari 1930, akazikwa huko huko, mbali na kila alichokijenga Kyiv.

Waama, majengo yake yamepata misukosuko kuliko yeye. Nyumba ya Makimera iligeuzwa makao ya familia nyingi, kisha zahanati ya chama tawala, kabla ya kukarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hekalu la Wakaraimu lilipoteza kuba lake. Kanisa la Mtakatifu Nikolai liliungua mwaka 2021, na mnamo Desemba 2024 likaharibiwa na shambulio la makombora ya Urusi. Hata hivyo, Waukraine wanayatengeneza na kuyafundisha majengo hayo, ingawa aliyeyajenga alikuwa Mpolandi na aliyetawala alikuwa Mrusi. Wameamua kwamba kilichosimama katika ardhi yao ni chao.

Sisi tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Nairobi tunayo maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, nayo pia ina nguzo na simba wawili mlangoni, na ina jina la mzungu mwindaji. Mwalimu anayewapitisha wanafunzi hapo bila kuwauliza nani alijenga, kwa fedha za nani na kwa ajili ya nani, amewanyima somo lisilohitaji hata kitabu. Sheria pekee hailindi jengo. Hulindwa na watu wanaoijua habari yake, nzuri na mbaya, wakaona haya kulibomoa.