Margaret Murray Washington: Mwalimu Kabla ya Kuwa Mke wa Mkuu

Jumapili iliyopita tulikuwa katika Tito sura ya 2, pale Paulo anapowapa wanawake waliokomaa kazi ya kuwafundisha walio wadogo. Baada ya ibada kina mama kadhaa waliniuliza kazi hiyo inaonekanaje kwa vitendo. Nimewaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyefariki karibu miaka 100 iliyopita. Mimi pia ni mke wa mchungaji, kwa hiyo habari zake zinanigusa.

Margaret Murray alizaliwa Macon, katika jimbo la Mississippi, miaka ya 1860, utumwa wa watu weusi ulipokuwa unafika mwisho. Mama yake, Lucy, alikuwa akifua nguo za watu ili watoto wale. Baba yake, mzungu kutoka Ireland, alifariki Margaret akiwa bado mdogo. Akachukuliwa na kulelewa na kaka na dada waliokuwa walimu, watu wa dhehebu la Waquaker, lile lile ndugu zetu wa Kaimosi wanalolijua kama Marafiki tangu mwaka 1902. Kwao alipenda vitabu, na akiwa na miaka 14 hivi alikuwa tayari anafundisha.

Mwaka 1881 aliingia Fisk, chuo cha watu weusi huko Nashville. Karo hakuwa nayo. Akawa anasoma huku anafanya kazi, na safari hiyo ilimchukua miaka 8. Wenzake walimaliza na kuondoka, yeye akabaki. Mwaka 1889 akahitimu. Mzazi, kama mtoto wako anaenda polepole kwa sababu ya karo, usimwite mvivu.

Wakati huo wa kuhitimu ndipo alipokutana na Booker T. Washington, mkuu wa shule ya Tuskegee, Alabama. Booker alizaliwa mtumwa, na sasa alikuwa akiongoza shule aliyoianzisha mwaka 1881. Alikuwa pia na msiba mbichi. Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1884, na wa pili, Olivia, alifariki mwaka huo huo wa 1889, mtoto wao wa mwisho akiwa bado wa miezi tu. Margaret alikwenda Tuskegee kufundisha Kiingereza. Mwaka mmoja baadaye akapewa usimamizi wa wasichana wote wa shule. Tafadhali shika hapo: alipewa kazi hiyo kabla hajaolewa na mkuu. Hakuipata kwa ndoa.

Baadaye Booker akamtaka awe mke wake. Ingekuwa sisi, tungesema Mungu amejibu, harusi ni lini? Lakini Margaret alisita. Mwaka 1891 alimwandikia Booker barua na kumwambia wazi kwamba hana moyo wa kupenda watoto wadogo, na hasa kwamba mambo hayaendi vizuri kati yake na Portia, binti wa mke wa kwanza, aliyekuwa na miaka 8. Alisema hata yeye mwenyewe anachukizwa na hali hiyo, ila ndiyo hali.

Jamani, ni wangapi wetu tungeandika barua kama hiyo? Kina mama wameshakuja kwangu wakinong'ona kwamba mtoto wa mume hawamwezi. Wanaona aibu kusema, basi wanacheka naye mbele ya wageni na kumnyima chakula wakiwa peke yao. Margaret aliuleta udhaifu wake mwangani kabla ya kuingia katika nyumba ile. Mwaka 1892 walioana. Upendo haukushuka siku moja, lakini alibaki, akalea watoto watatu ambao hakuwazaa, na baadaye akamlea pia mpwa wake, Laura. Portia alikua akasoma piano mpaka Ujerumani. Margaret hakuzaa mtoto wake mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1892 shule ilikuwa imeanza kuwaita wakulima weusi kwenye mkutano wa kila mwaka. Margaret akaona kwamba mazungumzo yanawaendea zaidi wanaume. Kila Jumamosi kina mama wa mashambani walifika mjini Tuskegee, wakazurura barabarani na watoto mpaka jioni. Akatafuta chumba juu ya duka moja kuukuu, ngazi zake zikiwa mbovu hata mtu aliogopa kuzipanda. Akamtuma mvulana mdogo apite barabarani kuwaita. Siku ya kwanza walikuja wanawake 6. Ni 6 tu. Baada ya miaka kadhaa walikuwa karibu 300.

Walijifunza nini? Kuosha watoto na kuwatunza. Kupika vizuri kile kilichopo. Kushona. Kuongeza chumba cha pili ili wazazi na watoto wasilale pamoja. Kuweka akiba badala ya kununua mapambo ya mkopo. Kisha akaenda mbali zaidi. Kwenye shamba kubwa la Russell, kama maili 8 kutoka shuleni, alisaidia kuweka mwalimu aliyehitimu Tuskegee aishi katikati ya familia maskini na kuwafundisha watoto wao.

Kuna waliosema kwamba sabuni na sindano ni mambo madogo wakati watu weusi wananyongwa na magenge na kunyimwa kura. W.E.B. Du Bois, aliyesoma Fisk miaka ile ile, alikuwa kati ya wakosoaji wakubwa wa Booker. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini Margaret hakuishia kwenye sabuni. Mwaka 1895 alianzisha chama cha wanawake wa Tuskegee. Wanawake weusi wa Alabama walichanga pesa zao wakajenga mahali pa kurekebisha wavulana huko Mt. Meigs, palipofunguliwa mwaka 1907, ili watoto wasitupwe jela pamoja na watu wazima. Miaka 4 baadaye serikali ya jimbo ilipachukua. Margaret pia aliongoza muungano wa vyama vya wanawake weusi wa Marekani nzima.

Novemba 1915 Booker alifariki. Sasa angalieni: kama heshima yake ingekuwa ya kuazima kwa mume, ingezikwa siku hiyo. Haikuzikwa. Aliendelea na kazi Tuskegee karibu miaka 10 mingine, mpaka alipofariki tarehe 4 Juni 1925.

Mwaka huo huo, hapa kwetu Kabete, ilifunguliwa shule ya Jeanes, kufundisha walimu wa vijijini pamoja na wake zao mambo ya afya, kilimo na nyumba. Mfano wake ulitoka kwa kazi ya shule za watu weusi kusini mwa Marekani, Tuskegee ikiwemo. Pengine nyanya yako aliguswa na mbegu hiyo bila kujua jina la Margaret.

Basi, mama, usingoje cheo cha mumeo ndipo uanze. Kama una mtoto wa kambo, sema ukweli mbele za Mungu na mbele ya mumeo, kisha baki umlee. Na wewe unayesema ushirika wa Jumatano hauna watu, wangapi walikuja? Kama ni 6, wanatosha kuanza.